Umma na Sayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Uelewa, Imani na Mashaka

Ukurasa huu ni wa waandishi wa habari, walimu, watafiti wachanga na yeyote anayetaka kupima jinsi watu wanavyoiona sayansi na teknolojia, au kuzungumza nao kuihusu. Maswali yamefuatana jinsi yanavyoulizwa, na majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

"Uelewa wa umma kuhusu sayansi" ni nini hasa?

Ni mambo manne yaliyofungwa furushi moja, na mabishano mengi hutokea kwa sababu hakuna aliyelifungua.

La kwanza ni kujua mambo yenyewe: kwamba dunia hulizunguka jua, kwamba antibiotiki haziui virusi. La pili ni kujua sayansi inavyofanya kazi: kwa nini dawa mpya hujaribiwa kwa makundi mawili ya watu, kwa nini jaribio moja halitoshi. La tatu ni hamu: mtu akikutana na habari ya sayansi anaisoma au anaipita? La nne ni mtazamo: anawaamini wanaosema, na anaona teknolojia fulani inafaa au haifai?

Mtu anaweza kuwa juu katika moja na chini katika jingine. Mkulima asiyejua elektroni ni kitu gani anaweza kufanya jaribio safi la mbolea, mstari mmoja akaweka na wa pili asiweke, shamba lilelile, mbegu zilezile. Mhandisi mwenye shahada mbili anaweza kuikataa chanjo. Kwa hiyo ukikutana na kichwa cha habari kisemacho "watu hawaielewi sayansi", uliza kwanza: lipi kati ya hayo manne?

Hupimwaje?

Kwa dodoso. Marekani imekuwa ikiuliza maswali ya aina hii tangu miaka ya 1970, na matokeo hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Sayansi, NSF. Uingereza ilifanya utafiti wake mkubwa mwaka 1988, na John Durant na wenzake wakauchapisha mwaka uliofuata. Umoja wa Ulaya hutumia Eurobarometer, utafiti wake wa maoni. Maswali ya maarifa yamebaki karibu yaleyale ili miaka ilinganishwe: kiini cha dunia kina joto kali, kweli au si kweli? Elektroni ni ndogo kuliko atomu? Leza hufanya kazi kwa kukusanya mawimbi ya sauti? Antibiotiki huua virusi pamoja na bakteria?

Mwaka 2012 Wamarekani 74 katika kila 100 walijibu sawasawa kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Magazeti yalishangilia upande wa pili: mmoja kati ya wanne hajui! Lakini kabla ya kushangilia, angalia jinsi maswali haya yalivyoundwa. Swali la majibu mawili humpa asiyejua nusu ya nafasi ya kupatia. Tuseme 70 katika 100 wamepatia swali la kweli au si kweli, na kila asiyejua amebahatisha. Chukua 70, zidisha kwa 2, toa 100: wanaojua kweli ni 40 tu, na 30 wameangukia jibu. Ndiyo maana chaguo la "sijui" lazima liwepo, na mdadisi aambiwe asimshurutishe mtu kuchagua.

Aliyekosa maswali hayo si mjinga wa sayansi?

Pengine amekosa swali, siyo sayansi. Chukua swali la antibiotiki. Kwa Kiswahili cha kila siku "vijidudu" hubeba bakteria na virusi kwa pamoja. Ukitafsiri swali kuwa "antibiotiki huua vijidudu?", umeliua swali: anayejua atasema ndiyo, asiyejua naye atasema ndiyo. Ukiacha "virusi" na "bakteria" kama yalivyo, baadhi ya wahojiwa watakuwa wanakutana na neno bakteria kwa mara ya kwanza, na hapo unapima msamiati.

"Mionzi" nayo ina tabu yake. Hutumika kwa eksirei, kwa mnara wa simu, kwa jua na kwa bomu la nyuklia. Mtu anayesema anaiogopa mionzi ya mnara huenda anaijua vizuri sana mionzi ya eksirei, ila hajaambiwa kwamba ile ya simu haina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Na "dawa": ya mbu, ya meno, ya malaria, ya kupulizia mimea. Ukiuliza kama "dawa kwenye chakula" ni hatari, hujui mwenzako anafikiria dawa gani.

Kujua na kukubali ni kitu kimoja?

Hapana, na kuna jaribio linaloonyesha hivyo waziwazi. Mwaka huohuo wa 2012, Wamarekani waligawiwa makundi mawili. Kundi moja liliulizwa kama ni kweli binadamu wa leo wametokana na viumbe wa kale wa jamii nyingine. 48 katika 100 walisema kweli. Kundi la pili liliulizwa swali lilelile, ila likatanguliwa na maneno "kwa mujibu wa nadharia ya mageuko". Waliosema kweli wakawa 72.

Watu 24 katika 100 hawakupata elimu katikati ya sentensi. Walikuwa wanajua sayansi inasema nini tangu mwanzo, ila hawakuwa tayari kulisema kama neno lao. Swali la kwanza lilikuwa linapima imani likijiita swali la maarifa.

Basi tukiwaelimisha watu zaidi, si watakubaliana na wanasayansi?

Hilo ndilo wazo la zamani kabisa katika fani hii. Huitwa mtazamo wa upungufu: umma ni chungu kitupu, sayansi ni maji, kazi yetu ni kumimina. Ripoti ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Walter Bodmer, iliwahimiza wanasayansi watoke maabara wakazungumze na watu, na wengi walitoka na wazo hilo kichwani.

Uhusiano kati ya maarifa na mtazamo mzuri upo, lakini ni mdogo, na kwenye mambo yenye ubishi unaweza kugeuka. Dan Kahan na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu mabadiliko ya tabianchi nchini Marekani. Kama maarifa yangekuwa dawa, wenye alama za juu za sayansi na hesabu wangekaribiana. Wao ndio waliokuwa wameachana zaidi, kila mmoja akielekea upande wa kundi lake. Anayejua kusoma takwimu hujua pia kuzichagua.

Hatusemi elimu haina faida. Inamsaidia mtu kutumia dawa sawasawa, kumkwepa tapeli, kusoma lebo. Ila usiiuze kama njia ya kupata ridhaa.

Kama si ujinga, mashaka hutoka wapi?

Mara nyingi hutoka kwa jinsi watu walivyotendewa na waliokuja na jina la sayansi. Kisa kinachofundishwa zaidi ni cha wafugaji wa kondoo wa Cumbria, kaskazini mwa Uingereza, kilichochunguzwa na mwanasosholojia Brian Wynne.

Kinu cha Chernobyl kililipuka tarehe 26 Aprili 1986. Siku chache baadaye mvua ikashusha sizi (caesium), metali yenye mionzi iliyotoka kwenye kinu, kwenye milima ya Cumbria. Mwezi Juni serikali ikazuia kuhamisha na kuchinja kondoo, ikasema ni wiki tatu tu, kwa kuwa sizi ingetoweka upesi. Wiki tatu zikaisha, zuio likarefushwa bila ukomo. Vizuizi vya mwisho viliondolewa mwaka 2012.

Kosa lilikuwa wapi? Hesabu za wataalamu zilitegemea udongo wa mfinyanzi, ambao huishika sizi ikatulia isipande kwenye majani. Udongo wa milima ile ni wa mboji yenye asidi. Humo sizi hubaki huru: mizizi huinyonya, kondoo hula, kinyesi huirudisha, na mzunguko unaanza upya. Wafugaji hawakujua kemia ya sizi, lakini waliujua udongo wao, na hakuna aliyewauliza.

Kisha yakaja makosa madogomadogo, ambayo ndiyo huvunja imani. Waliambiwa wawashushe kondoo bondeni, kwenye majani safi. Walijua kwamba majani ya bondeni ni machache na yakiliwa mapema hakuna akiba ya baadaye. Wataalamu wakajaribu kunyunyizia bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, kwenye viwanja vilivyozungushiwa uzio ili waone kama utapunguza sizi. Wafugaji wakasema kondoo wa milimani hawajazoea uzio, watadhoofika, na vipimo vitaharibika. Hawakusikilizwa, na baadaye jaribio likaachwa kwa sababu hizohizo. Jirani kulikuwa na kiwanda cha nyuklia kilichowahi kuungua mwaka 1957, kwa hiyo wengi walishuku kwamba sizi nyingine ilikuwepo hata kabla ya Chernobyl. Wataalamu waliokuwa wakisema mambo kwa uhakika kamili, kisha wakakosea, ndio walewale waliowataka wafugaji wawaamini tena.

Wafugaji hawa wakipewa dodoso la kweli au si kweli, watapata alama za kawaida. Dodoso halitaonyesha kwa nini hawaamini.

Je, mashaka yote ni mabaya?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kuanzia 1932 hadi 1972, huko Tuskegee, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Ukoo wa watu hao ukiwa mzito kuamini utafiti wa tiba, tatizo si kwamba hauelewi.

Mwaka 2003 majimbo kadhaa ya kaskazini mwa Nigeria, Kano likiwemo, yalisimamisha chanjo ya polio kwa uvumi kwamba inaleta ugumba. Uvumi haukuwa wa kweli, na polio ilisambaa hadi nchi nyingine. Lakini miaka saba nyuma, 1996, jaribio la dawa ya kampuni ya kigeni kwa watoto wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano lilikuwa limeacha malalamiko yaliyofika mahakamani. Mgomo wa chanjo ulikwisha mwaka 2004 baada ya mazungumzo na viongozi wa dini na baada ya kukubaliana kuleta chanjo kutoka Indonesia. Lililobadilika ni nani anaiandaa na nani ameihakiki. Maelezo ya kisayansi yalikuwa yaleyale.

Tofautisha mwenye mashaka na mwenye kukana. Mwenye mashaka ukimuuliza "ushahidi gani ungekutosha?" ana jibu. Mwenye kukana hana, na ukimletea alioutaka anahamisha goli.

Ni kweli watu wameacha kuwaamini wanasayansi?

Kwa ujumla, la. Wellcome Global Monitor, utafiti wa maoni wa dunia nzima kuhusu sayansi, mwaka 2018 iliwahoji zaidi ya watu 140,000 katika nchi zaidi ya 140. Takriban 7 kati ya 10 walikuwa na imani ya kati au ya juu kwa wanasayansi, na 79 katika 100 walikubali kwamba chanjo ni salama. La kushangaza ni mpangilio wake: Asia ya Kusini ilikuwa 95 katika 100, Afrika Mashariki 92, Ulaya Magharibi 59. Nchini Ufaransa mmoja kati ya watatu alikataa kwamba chanjo ni salama. Anayefikiri mashaka hupungua jinsi shule zinavyoongezeka atafute maelezo mengine.

Ila usilichukue jibu la jumla kama jibu la yote. Uliza kuhusu mwanasayansi wa chuo kikuu, kisha wa kampuni, kisha anayeisemea serikali, na utapata namba tatu tofauti. Watu humtazama mtu, na humtazama pia anayemlipa.

Kwa nini watu huogopa kitu chenye hatari ndogo na kuzoea chenye hatari kubwa?

Kwa sababu hawahesabu vifo peke yake. Mwanasaikolojia Paul Slovic alionyesha mwaka 1987 kwamba hofu hupanda pale hatari inapokuwa ya kutisha, yenye kuua wengi kwa mkupuo, na inapokuwa ngeni, isiyoonekana kwa macho. Nyuklia ina yote mawili. Pikipiki haina hata moja. Kabla yake, mwaka 1969, Chauncey Starr alikadiria kwamba mtu huvumilia hatari aliyoichagua mwenyewe kama mara 1,000 kuliko aliyobebeshwa.

Kwa hiyo kumwambia mtu "uwezekano wa kufa barabarani ni mkubwa kuliko huu" hakumtulizi. Barabarani anajua kwa nini alipanda gari. Anauliza ni nani ameamua kumwekea hiki kingine.

Wanasayansi na umma hutofautiana zaidi wapi?

Kwenye vyakula vilivyobadilishwa vinasaba. Katika utafiti wa Pew, taasisi ya Marekani ya utafiti wa maoni, uliotolewa mwaka 2015, wanasayansi 88 katika 100 wa chama kikuu cha wanasayansi cha Marekani walisema vyakula hivyo ni salama kuliwa. Katika umma walikuwa 37. Sehemu ya pengo hilo ni swali lenyewe. Mwanasayansi anajibu kuhusu usalama wa kula. Wengi mtaani wanajibu kuhusu nani anamiliki mbegu, kama wataweza kuhifadhi za msimu ujao, na kama lebo itasema kweli. Ukitaka kujua, uliza maswali manne badala ya moja.

Nataka kufanya utafiti wangu mdogo wa maoni. Nianzeje?

Anza na ukubwa wa sampuli, kwa sababu ndiyo inayoamua gharama. Kwa sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, watu 100 hukupa makosa ya takriban asilimia 10 juu au chini, 400 asilimia 5, 1,000 asilimia 3, na 2,400 asilimia 2. Ona jinsi faida inavyopungua: ukitoka 1,000 hadi 2,400 unalipia zaidi ya maradufu kwa asilimia moja. Kama unachagua vijiji au mitaa kwanza, kisha kaya ndani yake, majirani hufanana majibu, na watu wako 1,000 wanaweza kuwa na uzito wa 650 au 700 tu. Na ukitaka kulinganisha wanawake na wanaume, kila kundi lijitosheleze lenyewe.

Tangazo la mtandaoni lisemalo "bofya upige kura" halina kiwango cha makosa, hata likipata watu 50,000. Waliobofya wamejichagua wenyewe. Utafiti wa simu humwacha asiye na simu, ambaye mara nyingi ndiye uliyetaka kumsikia.

Mpangilio wa maswali huharibu kazi nyingi kuliko sampuli. Weka hamu na mtazamo mwanzoni, maarifa mwishoni. Ukianza na kweli au si kweli, mhojiwa anajiona yuko kwenye mtihani, ananyenyekea, na ukimuuliza kama anawaamini wanasayansi atasema ndiyo ili asionekane mjinga. Sentensi za kukubali au kukataa zigeuzwe nusu yake: kama zote zimeandikwa kwa kuisifu sayansi, mwenye adabu atakubali zote. Tunazijua fomu ambazo mtu amekubali kwamba teknolojia huleta faida kuliko hasara, na mistari minne baadaye akakubali kwamba huleta hasara kuliko faida. Bila sentensi ya pili usingejua kwamba alikuwa anaitikia tu.

Tafsiri irudishwe: mmoja atafsiri, mwingine asiyeiona ya awali airudishe katika lugha ya kwanza, kisha mkae muangalie palipopinda. Halafu kaa na watu 10 hadi 15 mmoja mmoja, msomee swali, mwambie: "Nieleze kwa maneno yako nimeuliza nini." Ni siku mbili za kazi, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Dodoso zima lisizidi dakika 20 hadi 25. Baada ya hapo watu hujibu ili mdadisi aondoke.

Na wadadisi wenyewe wafundishwe kusoma swali neno kwa neno. Mdadisi mwema anayemwona mama amekwama kwenye swali la antibiotiki humsaidia: "yaani kama vile dawa za mafua". Kashampa jibu. Kagua fomu za kila mdadisi kivyake; kama mmoja hana "sijui" hata moja kwa siku nzima, rudini kwenye kaya alizozipita.

Maneno ya swali yana nguvu kiasi gani?

Mwaka 1997 mwanafunzi wa miaka 14 huko Idaho, Marekani, aliwaeleza wenzake 50 kuhusu kemikali isiyo na rangi wala harufu inayoua watu kila mwaka ikivutwa kwenye mapafu, inayosababisha kutu, inayopatikana kwenye uvimbe wa saratani. Ipigwe marufuku? 43 wakasema ndiyo. Kemikali ilikuwa maji.

Kisa hiki husimuliwa kuwacheka hao 43. Sisi tunakiona tofauti: walipewa madhara tupu, bila faida wala kiasi, na mtu waliyemwamini. Ukiwapa wataalamu wa fani nyingine karatasi ya namna hiyo, usishangae.

Habari inasema hatari "imeongezeka mara mbili". Niichukulieje?

Uliza: mara mbili ya ngapi? Oktoba 1995 mamlaka ya Uingereza ilionya kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Wanawake wengi wakaviacha. Namba halisi zilikuwa hivi: kutoka mwanamke 1 katika 7,000 hadi 2 katika 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa 13,000, na mimba yenyewe, pamoja na utoaji wake, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile.

Onyo halikuwa na uongo hata neno moja. Lilikosa idadi ya msingi. Kanuni ya chumba cha habari iwe hii: usichapishe "mara mbili" wala "asilimia 18 zaidi" bila kuandika kando yake, kwa watu walewale 100 au 7,000, ni wangapi kabla na wangapi baada. Chanzo kikishindwa kukupa, subiri.

Mbona wanasayansi hubadilisha maneno kila siku?

Wakati mwingine kwa sababu ushahidi umebadilika. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vililaumiwa kwa msongo na asidi. Barry Marshall, aliyekuwa akishirikiana na Robin Warren, alikunywa bakteria mwenyewe mwaka 1984 kuonyesha kwamba ndio wanaodhuru tumbo, ukuta wa tumbo lake ukavimba, na mwaka 2005 wakapewa Nobel.

Wakati mwingine ni kwa sababu kosa limenaswa, ingawa polepole. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyodokeza uhusiano kati ya chanjo ya surua na usonji, ilitegemea watoto 12. Jarida la Lancet liliiondoa mwaka 2010. Miaka kumi na miwili ni mingi mno, na jamii ya sayansi inastahili lawama kwa hilo.

Na wakati mwingine ni kwa sababu mwandishi amechukua rasimu ambayo haijapitiwa na wataalamu wenza, akaiandika kama neno la mwisho. Rasimu hizo huwekwa wazi mtandaoni na zina faida yake. Taja tu kwamba ni rasimu, na taja walichunguzwa wangapi na kama walikuwa watu au panya.

"Hiyo ni nadharia tu." Nijibu nini?

Kwamba neno linatupiga chenga. Mtaani nadharia ni kinyume cha vitendo, maneno matupu ya darasani. Katika sayansi ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi yakasimama. Dhana ambayo bado haijajaribiwa ina jina lake, nadharia tete.

Nikikanusha uvumi, si nitakuwa nausambaza?

Hofu hii ilikua baada ya utafiti wa 2010 kudai kwamba kusahihisha watu huwafanya washikilie kosa zaidi. Thomas Wood na Ethan Porter walijaribu tena kwa mada nyingi, wakachapisha mwaka 2019: hali hiyo karibu haionekani. Sahihisha bila woga.

Lakini namna ina umuhimu, kwa sababu jambo likisikika mara nyingi huanza kuonekana la kweli, na hili linajulikana tangu majaribio ya 1977. Methali yetu yenyewe iko upande wa uvumi: lisemwalo lipo. Anza na ukweli, tena kwenye kichwa cha habari. Taja uvumi mara moja tu, ukionya kwanza kwamba si kweli. Eleza uvumi umekosea wapi, au aliyeuanzisha anafaidika na nini. Malizia kwa ukweli uleule. Usiandike "Je, minara ya simu huleta virusi?" kisha ukajibu chini, wengi husoma kichwa peke yake. Na kama uvumi bado uko kwa watu kumi, uache ufe.

Tunataka wananchi washiriki kuamua kuhusu teknolojia mpya. Kuna utaratibu?

Upo, na uliojaribiwa zaidi ni wa Denmark, ulioanza mwaka 1987 kwa mada ya teknolojia ya jeni. Jopo la watu wa kawaida kama 15, wasio na maslahi kwenye mada, huchaguliwa wakachanganyika umri, kazi na elimu. Hukutana wikendi mbili kujifunza na, muhimu zaidi, kutunga maswali wenyewe na kuchagua wataalamu wa kuyajibu. Kisha mkutano wa hadhara wa siku nne: wataalamu wanajibu, wanahojiwa tena, jopo linajifungia kuandika ripoti, na siku ya mwisho linaisoma mbele ya wote. Wataalamu huruhusiwa kurekebisha kosa la ukweli tu, siyo maoni.

Huharibika kwa njia tatu. Uamuzi umeshafanyika, watu wanaitwa kupamba. Wataalamu wanaachiwa dakika 50 za slaidi, wape 15. Au ripoti inapokelewa kwa makofi na hakuna ofisi iliyolazimika kuijibu kwa maandishi.

Kama hilo ni kubwa mno, kuna mikutano ya mgahawani, ambayo Uingereza ilianzia Leeds mwaka 1998. Mwanasayansi anazungumza dakika 20 bila slaidi, watu wanapumzika na vinywaji, kisha saa nzima ya maswali. Mapumziko yasirukwe. Mwenye aibu hujaribu swali lake kwa jirani kwanza, akishaona halijachekwa analileta.

Na akili mnemba? Tuulizeje?

Usiulize kwa jina peke yake. Mmoja atafikiria roboti, mwingine programu inayoandika barua, mwingine kamera inayotambua sura, na ukijumlisha majibu yao umejumlisha vitu vitatu. Uliza kwa matumizi: mashine isome picha ya eksirei daktari akiwepo, mashine isome bila daktari, mashine iamue nani apewe mkopo. Mtu yuleyule hukubali la kwanza na kukataa la tatu, na ukimuuliza sababu, mara nyingi atataka kujua akionewa aende kumlalamikia nani.

Kipimo kirudiwe baada ya muda gani?

Mitazamo ya jumla husogea taratibu. Kila miaka miwili au mitatu inatosha. Baada ya ajali au mlipuko wa ugonjwa, ongeza mzunguko mfupi wa maswali machache, na usiuchanganye na ule wa kawaida. Maneno ya maswali yasiguswe. Likilazimika kubadilika hata neno moja, wape nusu ya wahojiwa swali la zamani na nusu jipya kwa mzunguko mmoja, ili ujue tofauti imeletwa na watu au na neno.